Nchi Ambayo Uzi Haukatiki

Jinsi nilivyofika Sikatiki haitamsaidia mtu, kwa hiyo naiacha. Yatosha kusema nilikwenda, nikakaa siku kumi na moja, nikarudi na uso ambao mpaka leo naona taabu kuuinua. Wako watakaosema nchi hiyo haipo. Siwalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe ningefurahi sana kama isingekuwepo.

Naitwa Shemboza. Ni fundi wa intaneti ya majumbani, mwenyeji wa Muheza, na kazi hii imenilisha miaka kumi na minne. Kampuni siitaji, maana aibu ninayotaka kuisimulia ni yangu mwenyewe na sitaki mtu anisaidie kuibeba. Wakati wa mvua simu yangu inalia mpaka inaisha chaji, nami nina maneno matatu niliyoyazoea: zima, hesabu thelathini, washa. Mteja akiendelea kulalamika nina la nne: mtandao umekatika, mama, ni hali ya hewa. Msomaji ayashike hayo, kwa sababu ndiyo yaliyonifedhehesha.

Sikatiki ni nchi ya milima na mvua. Katikati yake limepita korongo ambalo kulizunguka kwa miguu ni safari ya siku nane, na kila familia ina jamaa upande wa pili. Kwa hiyo kila nyumba imevutiwa Uzi. Uzi unapita juu ya nguzo, unaingia kwenye tundu la ukutani, unaishia kwenye kisanduku chenye taa. Taa ikiwa kijani, mtu anazungumza na ndugu yake ng'ambo ya korongo huku akimwona uso. Ikiwa nyekundu, hakuna kitu. Tofauti na kwetu sikuiona, isipokuwa kwamba sisi tunauita mtandao.

Siku ya kwanza nilipata kosa kabla sijapata chai. Nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya wageni, mvua ikaanza, taa ya karani ikawa nyekundu, nami kwa mazoea ya kazi nikasema, "Naona Uzi umekatika." Watu wote kwenye foleni wakatazama viatu vyao. Karani akafunga dirisha taratibu, akalifungua tena baada ya muda, akanieleza kwa upole kwamba mimi ni mgeni na kwa mara ya kwanza nasamehewa.

Neno hilo limefutwa kwao kwa sheria. Zamani, wakasema, walikuwa na mtawala aliyechoshwa na maofisa wake. Akiuliza faili, limepotea. Akiuliza daraja, limebomoka. Akiuliza nafaka ya ghala, imeharibika. Akiuliza ni nani aliyefanya, hakuna mtu. Mambo yalikuwa yakijifanya yenyewe tu. Siku moja akaamuru kwamba katika nchi yake kitu hakipotei wala hakikatiki. Kuna aliyekipoteza na kuna aliyekikata, na huyo atajitaja. Sheria hii niliipenda, sisemi uongo. Kwetu hata mtoto wa miaka mitatu anajua kusema kikombe kimevunjika.

Lakini mtawala alikufa, na kanuni za utekelezaji zikaandikwa na maofisa walewale. Waliandika kwamba sheria inamhusu anayetumia kitu, haimhusu anayekitunza. Kwa hiyo leo ofisa wa Sikatiki anaruhusiwa kusema faili limepotea, ila mwananchi haruhusiwi kusema Uzi umekatika. Taa ikigeuka nyekundu, mwenye nyumba anatakiwa kusimama na kusema, "Nimeukata."

Baada ya kusema hivyo anazima kisanduku, anahesabu thelathini kwa sauti ya kusikika nje, anawasha. Ikishindikana anarudia, mpaka mara tatu. Alasiri ile ya kwanza nilitembea mtaani kwenye manyunyu na kila dirisha lilikuwa likihesabu. Wengine walihesabu polepole kwa unyenyekevu. Wengine waliruka kutoka kumi na nne mpaka ishirini, na majirani wakawasema. Hakuna aliyecheka, nami nikacheka kidogo moyoni, maana nyani haoni kundule.

Kuna desturi nyingine niliyochelewa kuielewa. Watu wa Sikatiki hawatazami juu. Nguzo inahesabiwa kuwa kitu cha kuaminiwa, na kuitazama wakati wa mvua ni kuishuku; kosa hilo linaitwa kuinua macho. Kwa ajili hiyo wote wanavaa kofia za ukingo mpana zinazoinama mbele. Mafundi wao wanaitwa Mafundi wa Chini, nao wamesomea kila kitu kinachofikiwa na mkono wa mtu aliyesimama. Ngazi wanayo moja tu. Imepakwa rangi ya dhahabu na inabebwa kwenye gwaride mara moja kwa mwaka. Niliikagua siku ya tatu nikakuta haina vipandio. Nikaambiwa vipandio hutunukiwa wageni mashuhuri, kimoja kimoja.

Siku ya nne nilialikwa Barazani kusikiliza mjadala. Hoja ilikuwa kama mvua itajwe kwenye taarifa za serikali. Mjumbe mmoja, bwana mwembamba aliyekuwa na mafua, alisema kwamba ameishi miaka hamsini na amegundua taa nyekundu na mvua hupenda kuja pamoja. Akajibiwa kwamba hata miavuli huja pamoja na mvua, na hakuna aliyewahi kuishtaki miavuli. Walibishana mpaka adhuhuri. Mwisho ikaamuliwa kwamba neno mvua liondolewe, na majira hayo yaitwe majira ya uzembe. Kesho yake utabiri ukatangaza: alasiri uzembe mkubwa, hasa nyanda za juu, ukiambatana na ngurumo.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ya Bi Sitara, mjane wa makamo, mshonaji wa zile kofia. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na kwa alivyolisema nikajua ana linalomuuma.

Lilikuwa ni mwanawe. Raya, binti yake wa pekee, alikuwa ng'ambo ya korongo, mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Mume alikuwa mbali kwenye machimbo ya mawe. Mkunga alikuwa amemkataza kushuka kitandani, akaenda zake kwa wagonjwa wengine, na mtu aliyebaki wa kumuuliza Raya hali yake alikuwa mama yake, kwa njia ya Uzi, kila alasiri. Na alasiri ndiyo saa ya mvua. Kwenye mwimo wa mlango wa Bi Sitara palikuwa na mistari miwili ya chokaa. Kila mstari ulikuwa ungamo ambalo Mafundi wa Chini walilisikia wakipita mtaani. Nyumba ikifikisha mitatu, kisanduku kinafungwa kwa lakiri, kesi inasikilizwa, na ukishindwa Uzi wako unaondolewa moja kwa moja.

"Sijui ninachokosea," akaniambia. "Nimeacha kupika mchana, nikihofia labda ni mvuke. Navua viatu nikikikaribia. Nakifunika."

Kweli alikuwa amekifunika kisanduku kwa kitambaa chekundu alichokidarizi mwenyewe. Nilipokiona nikakumbuka nyumbani. Kwetu Muheza nina mteja mmoja, Bibi Semeni, mwalimu mstaafu, ambaye naye amefunika ruta yake kwa kanga. Nilipomuuliza alisema huenda inashikwa na baridi, maana kila mvua ikinyesha inakata, na mimi nilishamwambia labda kuna kitu anagusa.

Siku zile za mwanzo nilijishughulisha na ufundi, na niseme kweli, niliufanya vizuri. Niliandika saa. Mvua ikianza, taa inageuka baada ya dakika kama kumi. Mvua ikikatika na jua likatoka, taa inarudi kijani baada ya saa nzima hivi, bila mtu kugusa wala kuhesabu. Siku ya tano nikaondoa waya zote za ndani nikakiunga kisanduku palepale Uzi unapoingilia, ikawa vilevile. Siku ya sita nikaazima kisanduku cha jirani, vilevile. Nikatoka nje nikauangalia Uzi unavyoingia ukutani. Fundi yeyote anajua kwamba kabla ya tundu waya inatakiwa ining'inie chini kidogo, maji yadondokee hapo. Huu ulikuwa umenyooka kutoka juu, kila tone linateremka nao. Nikaufuata kwa macho. Bi Sitara akageukia ukutani ili asionekane ameniona, nami nikainua macho.

Juu ya nguzo palikuwa na boksi la kuungia. Kifuniko kilikuwa wazi, mpira wa kuzuia maji umeoza unaning'inia, na mahali pa mpira mtu alikuwa amefunga mfuko wa nailoni ya bluu. Nailoni ilikuwa imechanika, imejaa maji, inadondoka ndani ya boksi. Na fundo lake nililijua. Mimi natumia mkono wa kushoto, na ninapofunga nailoni napitisha ncha nyuma, naibana mara mbili, naacha sikio. Lilikuwa fundo langu.

Sijui lilifikaje kule. Najua tu lilivyofika kwenye nguzo ya Bibi Semeni. Masika ya mwaka jana nilipanda pale, nikakuta mpira umechanika, na mkobani sikuwa na mwingine. Nikafunga nailoni, nikajiambia ni ya leo tu, kesho nitarudi na mpira. Sikurudi. Tangu hapo kila mvua ikinyesha bibi ananipigia, na kila akipiga namwambia azime, ahesabu, awashe. Ana miaka sabini na tatu. Ili aizime inabidi apige magoti aingie chini ya meza.

Siku ya saba, alasiri, Raya alikuwa kwenye kioo cha kisanduku, amelala ubavu, uso umevimba. Mvua ilianza wakati wanazungumza. Mama alimuuliza kama amekula, akajibu amekula. Kisha akasema, "Mama, tangu asubuhi naona—" na taa ikawa nyekundu.

Bi Sitara alisimama, akasema nimeukata, akazima, akahesabu. Alipofika kumi na moja sauti ilipotea, akaanza upya. Mara ya tatu alikuwa akihesabu huku amekishika kisanduku kwa mikono miwili. Mafundi wa Chini wawili walisikia kutoka mtaani, kama sheria ilivyowataka, wakaingia na kofia zao, wakachora mstari wa tatu, wakakizungushia kisanduku utepe na lakiri. Walikuwa na adabu. Mmoja wao alimpa pole.

Baada ya saa moja jua likatoka. Tukiwa tumekaa palepale, taa ikarudi kijani chini ya lakiri. Ikawaka vizuri kabisa mpaka magharibi. Upande wa pili binti alikuwa akisubiri kumalizia sentensi yake, na sisi tulikuwa tunaitazama taa.

Nilimwambia nitapanda nguzo. Akakataa, akasema akipanda mtu, adhabu inaangukia nyumba yake, na binti ndiye atakayelipa. Njia ilikuwa moja tu, kesi, ambayo ilipangwa kesho kutwa. Nikamweleza yote niliyoyaona: mpira, nailoni, maji. Fundo sikulitaja. Alisikiliza akiwa ameinamisha kofia, na nilipomaliza akaivua. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake wote.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Bi Sitara."

"Utalisema hilo mbele yao?"

Nikamwambia nitalisema. Nilimpa mkono.

Kesi ilisikilizwa kwenye Ukumbi wa Maungamo mbele ya Bwana Radhi, Mpokea Maungamo Mkuu. Alikuwa mpole kupita kiasi, na wapole wa namna hiyo ndio wanaoniogopesha. Habari zangu zilikuwa zimemfikia. Aliniamkia kwa cheo cha Bingwa, akaniweka kiti cha mbele chenye mto, akaueleza ukumbi kwamba leo wamebahatika kuwa na mtaalamu wa miaka kumi na minne kutoka ng'ambo. Watu wakapiga makofi. Niseme lililo kweli: nilifurahi. Kwetu hakuna aliyewahi kumpigia makofi fundi wa intaneti.

Bi Sitara alisimama pembeni, kofia mikononi. Alisomewa maungamo yake matatu, akakubali kwamba aliyatamka. Akaomba nisikilizwe. Bwana Radhi akasema ndilo alilokuwa akilitaka yeye mwenyewe.

"Bingwa Shemboza, tupe elimu. Kwenu mvua ikinyesha, mtu akakupigia kwamba hana mtandao, neno lako la kwanza kwake ni lipi?"

Nikajibu kweli: namwambia azime, ahesabu thelathini, awashe.

Ukumbi ulivuma kwa furaha. Karani akauliza kama ni thelathini kamili, maana kwao kulikuwa na kundi lililoshikilia thelathini na moja. Nikasema thelathini kamili. Kundi moja likatazama jingine.

"Na isiporudi?"

"Namwambia labda amegusa waya."

"Na unamwambia hivyo," akauliza Bwana Radhi kwa upole wake ule, "kwa sababu ndivyo unavyoamini?"

Hapo ndipo nilipoachiwa mlango wazi. Jibu lilikuwa fupi: hapana, huwa najua ni nguzo. Hilo lingetosha. Mpaka hapo nilikuwa sijasema uongo wowote. Bi Sitara alinitazama, na katika ukumbi ule mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameinua uso. Lakini nilimwona karani na kalamu yake. Nikajua kwamba nikisema huwa najua, nitakuwa nimesema pia kwamba nimemwingiza bibi kizee chini ya meza mwaka mzima huku nikijua. Na litaandikwa. Na makofi yale yatakoma.

"Ndiyo," nikasema.

Nilijiambia nitaongeza neno kuhusu nailoni baada ya hapo. Sikuongeza. Bwana Radhi alikuwa ameshamgeukia karani. "Andika: hata ng'ambo, kosa ni la nyumba." Kisha akanikabidhi kipandio cha ngazi ya dhahabu, cha saba kutoka chini, na watu wakasimama kunipongeza. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikishika kile kijiti kwa mikono miwili na nikasema ahsante.

Asubuhi ya siku ya kumi walikuja kuondoa Uzi. Kwa kuwa hawatazami juu, walitumia mkasi wenye mpini mrefu, wakikata hewa huku wameinamisha nyuso, na walikosa mara nne. Mara ya tano Uzi ukaanguka kwenye tope. Nguzo ikabaki na boksi lake na nailoni yake. Mvua ilipoanza alasiri, nilisikia nyumba ya jirani wakianza kuhesabu.

Bi Sitara alikuwa akifunga mzigo: nguo, mkate, sindano na uzi wa kushonea. Alikuwa amekusudia kulizunguka korongo kwa miguu. Nikamwambia njia imejaa maji, siku nane zitakuwa kumi na mbili. Akasema anajua. Nikamwambia nitamsindikiza, nitabeba mzigo. Akaendelea kukaza kamba. Nikaanza kuomba radhi, nikazungumza sana, mimi ambaye si mtu wa maneno, nikamweleza habari za kalamu ya karani, na habari za fundo langu. Aliniacha nimalize.

"Kabla hujaja nilijua ni mimi," akasema. "Nililia, lakini nilijua nalilia nini. Ukaja ukanionyesha si mimi. Sasa nimekatiwa, na najua si mimi. Afadhali ungeniacha na kosa langu, Fundi."

Akatoka. Hakuvaa kofia. Nilisimama mlangoni penye ile mistari mitatu nikamtazama akipanda njia ya mlimani, kichwa wazi mvuani, na alipopita chini ya nguzo aliinua macho akaitazama, mbele ya watu. Raya alikuwa akiona nini tangu asubuhi ile, sijui. Kama mama yake aliwahi, sijui. Mgeni nilikuja, na mwenyeji hakupona. Kesho yake niliondoka Sikatiki, na jinsi nilivyoondoka nayo haina maana.

Nimerudi Muheza nikakaa wiki tatu za jua. Wiki tatu hizo ningeweza kwenda kwa Bibi Semeni siku yoyote. Mpira wa boksi ulikuwa mkobani, nimeununua siku ya pili. Kila asubuhi nilisema kesho. Kipandio kipo nyuma ya mlango wa chumbani, na mke wangu ananiuliza mti huo ni wa nini.

Jumanne mvua ikaja. Nilikuwa nakunywa chai. Simu ikalia, nikalisoma jina, nikaiacha ilie mpaka karibu ikate.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kukusumbua. Nadhani nimeharibu tena." Alikuwa akihema. "Nimeshaizima, nipo huku chini ya meza. Nahesabu. Nimefika kumi na tisa."

"Usihesabu, bibi."

Nikasikia mvua kwenye bati lake, na nyingine kwenye bati langu.

"Umekatika kwa hali ya hewa?" akauliza. Alikuwa akinisaidia. Alikuwa akinipa neno langu mwenyewe ili mambo yaishe.

"Hapana," nikasema. "Nimeukata mimi."

Nikamweleza: boksi, mpira, nailoni, kesho ambayo sikurudi. Nilitumia maneno machache. Aliniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu masika ya mwaka jana.

"Kwa hiyo siku ile," akasema polepole, "walipokuwa wananionyesha maziko ya kaka yangu. Nilipokupigia mara sita."

"Ndiyo, bibi."

"Nilihesabu mpaka mia tatu siku ile."

Nilimsikia akijivuta kutoka chini ya meza, akiegemea kiti, akisimama. Ilichukua muda mrefu, na nilimsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo usiniambie kwenye simu," akasema. "Njoo uyaseme hapa, nikikuona."

Nikachukua ngazi na mkoba nikatoka na mvua yake. Kutoka kwangu mpaka kwa bibi kuna nguzo ishirini na mbili. Nimepita chini ya nguzo hizo miaka kumi na minne, na siku ile nilizitazama juu moja moja, maji yakiniingia machoni. Kwenye tisa kati ya hizo palikuwa na nailoni, na hakuna fundo hata moja ambalo sikulijua.